Pangani: ulale mjini au uvuke mto?

Anayepanga kwenda Pangani kwa mara ya kwanza huanza kuuliza hoteli gani nzuri. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni upande gani wa mto. Mji wenyewe uko ukingo wa kaskazini, pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ni Bweni, na ukiendelea kusini kilomita kama 15 unafika Ushongo, kwenye fukwe zile ambazo huenda picha zake ndizo zilizokutia hamu. Katikati ya pande hizi mbili kuna pantoni, na pantoni ina saa zake.

Nimelala pande zote mbili, na kila upande nimewahi kujuta. Si kwa ubaya wa mahali, bali kwa sababu nilichagua kwa picha badala ya kuchagua kwa saa. Pangani ni mahali pa kujiuliza alfajiri utakuwa wapi, maji yakipwa utakuwa wapi, na jua likizama utakuwa umebaki ukingo gani.

Kufika kwenyewe

Kutoka Tanga mjini ni kilomita kama 50 kwa njia ya pwani. Wanaotoka Dar es Salaam wengi hupita Chalinze na Segera hadi Muheza, na hapo ama wanakata moja kwa moja kuelekea Pangani, ama wanazungukia Tanga. Njia zote hizo zinakushusha upande wa mjini. Kwa hiyo anayekuja kwa basi na begi mgongoni, mjini tayari amefika. Wa Ushongo bado ana safari ya pili ya kuvuka na kutafuta bodaboda, au kupangana mapema na hoteli imtumie gari Bweni.

Mwenye gari lake anaweza kuja kwa upande wa pili, kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Mkwaja. Huyo mambo yanamgeukia: Ushongo iko njiani, mji ndio uko ng'ambo.

Wakati naandika haya daraja la mita 525 linajengwa, kama sehemu ya barabara ya Bagamoyo, Saadani hadi Tanga. Siku magari yatakapoanza kupita juu yake, nusu ya ninayoyasema hapa kuhusu saa yatakuwa hadithi za wazee. Mpaka siku hiyo, jambo la kwanza kuuliza ukifika si bei ya chumba, ni pantoni ya mwisho inaondoka saa ngapi.

Mjini: historia iko mlangoni, lakini haijapakwa rangi

Ukilala mjini, amka mapema ushuke gatini kabla ya saa moja. Chai utakunywa baadaye. Pantoni inakuja polepole ikiwa imejiegemeza kwenye mkondo, mlango wake wa chuma unagonga saruji, na kabla haujatulia vizuri watu wameshaanza kuruka: wanafunzi wenye sare, mama mwenye ndoo ya samaki iliyofunikwa kanga, baiskeli zenye nazi pande zote mbili, pikipiki zikipiga honi bila sababu. Dakika tano, gati imekuwa tupu tena. Mimi tamasha hilo naliweka juu ya ufukwe wowote.

Sasa kumbuka kwamba kivuko hicho si cha jana. Karne ya 19 Pangani ilikuwa moja ya milango mikubwa ya misafara: pembe za ndovu na watumwa waliteremka kutoka bara, vitambaa, shanga na bunduki vikapanda kuelekea Kilimanjaro na mbele yake. Kingo za mto zilijaa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Mkataba wa 1873 ulipofunga soko la watumwa la Zanzibar, biashara haikufa siku ile. Misafara ikageukia nchi kavu, ikapandisha pwani kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, na Pangani ikawa pahali pa kuvukia na pa kuwatorosha watu kwenda Pemba. Ukisimama gatini na kutazama Bweni, unatazama njia hiyo.

Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapa mwanzoni mwa 1857, wakapanda kwenda Vuga kumwona Kimweri, mfalme wa Washambaa, kabla ya safari yao kubwa ya Maziwa Makuu. Lakini kisa cha mji ni cha 1888. Agosti ya mwaka huo Emil von Zelewski, mwakilishi wa kampuni ya Wajerumani, alikuja kusimamisha bendera na kumdharau liwali wa Sultani wa Zanzibar. Watu hawakuvumilia. Wakamweka chini ya ulinzi, na hakutoka mpaka Sultani alipomtuma Jenerali Lloyd Mathews kumnusuru. Uongozi wa vita iliyofuata ukashikwa na Abushiri bin Salim, aliyekuwa na shamba la miwa jirani na mji huu, na pwani nzima ikawaka moto. Wajerumani wakaleta jeshi chini ya Hermann Wissmann. Abushiri alikamatwa na kunyongwa hapa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakukaa sana: Agosti 1891 aliuawa Lugalo, Iringa, na askari wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wanaosoma kisa cha Lugalo shuleni mara nyingi hawaambiwi kwamba bwana yule fujo zake alizianzia hapa.

Haya yote utayaonaje? Hapo ndipo mji unapokosa. Boma lipo, jengo la kale lenye milango ya nakshi, ambalo Wajerumani walilikuta na kulirekebisha kuwa ofisi yao, na serikali ikaendelea kulitumia. Zipo nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi zenye baraza za mbao, na lipo jengo la forodha karibu na maji. Lakini mengi yanabomoka. Mti umeota juu ya ukuta na mizizi imeshika mawe kama mkono. Vibao vya maelezo ni vya kutafuta. Ukitembea peke yako utamaliza mji kwa nusu saa na kuondoka ukisema hamna kitu. Tafuta mwongozaji wa hapo hapo, kupitia utalii wa kiutamaduni, na nusu saa ile inakuwa saa tatu. Atakusimulia pia habari ya watumwa kuzikwa hai chini ya nguzo za Boma ili jengo lisimame imara. Ni masimulizi, yasikilize hivyo. Na kwa kuwa Boma ni ofisi za watu, omba ruhusa kabla hujatoa kamera.

Kasoro nyingine ya mjini niseme bila kuficha: kuoga. Maji ya mlangoni ni ya mto, ya kahawia, yana mkondo, na chini ni tope. Mtu aliyewaahidi watoto bahari, akiwalaza mjini, ajiandae kwa maswali.

Ng'ambo: bahari iko mlangoni, mengine yote uyafuate

Ushongo ni kijiji cha wavuvi chenye hoteli chache zilizojipanga chini ya minazi. Mchanga mweupe, ngalawa zimelazwa ubavu, na maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka unaona wanawake wadogo kama vidole huko mwishoni wakitafuta pweza. Ukimya wake si wa kawaida. Usiku wa kwanza nilisikia kitu kikidondoka, nikakurupuka, ilikuwa nazi.

Wengi wanadhani upande huu hauna historia. Unayo, ila haina ukuta wa kupiga picha. Barabara ya kutoka Bweni kuelekea Mwera inapita kwenye mashamba ya mkonge, mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka. Mkonge huo una asili yake jirani hapo: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipita Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, kusini mwa mto huu, na ndiyo iliyozaa zao lililotawala mkoa wa Tanga kwa miongo mingi. Mwombe dereva asimame dakika mbili. Ncha ya jani la mkonge iguse kwa uangalifu, inachoma kama sindano ya gunia.

Tatizo la Ushongo ni kwamba ukishafika umefika. Chakula ni cha hoteli, na bei nayo ni ya hoteli. Duka la kijiji lina sabuni, soda na vocha, basi. Pesa taslimu na dawa zako chukua ukiwa bado mjini. Ukitaka kwenda kuona Boma asubuhi, ni gari, pantoni, kusubiri, kutembea, pantoni tena, gari. Siku imekwisha. Mara yangu ya pili niliahidiwa na hoteli moja kwamba mjini ni karibu tu, nikapanga kwenda jioni kuona mji na kurudi kula. Tulipomaliza kuzunguka, pantoni ilikuwa imesimama kwa hitilafu. Nilivuka kwa mtumbwi wa injini gizani, nikapanda bodaboda isiyo na taa ya kueleweka kilomita zile 15 katikati ya mkonge, nikakuta jikoni wameshazima moto. Kosa langu, sikuuliza.

Maziwe: hapa maji ndiyo yanayoamua

Kivutio kinachowavuta watu wengi zaidi, wa pande zote mbili, ni kisiwa cha Maziwe. Na hapa ndipo nilipopata funzo la saa.

Mara ya kwanza nilikwenda kutokea mjini. Nilipatana na kijana mmoja gatini jioni, tukasema tutaondoka saa nne asubuhi, maana nilitaka ninywe chai taratibu. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Nahodha alikuwa mtu mzima asiye na maneno mengi. Tulitoka mlango wa mto, maji ya kahawia yakageuka kijani, kisha buluu, chombo kikaanza kupanda na kushuka. Baada ya muda mrefu akapunguza injini. Nikatazama huku na huku: bahari tupu.

"Kisiwa kiko wapi, mzee?"

"Kiko hapa hapa, mwanangu. Tuko juu yake."

Akachukua upondo, akauchomeka majini. Ukagota mchanga kabla haujazama nusu. Akautikisa mara mbili ili nisikie, kisha akaulaza chomboni na kuwasha tumbaku yake.

Maziwe zamani ilikuwa na mivinje na vichaka, na ilikuwa mahali mashuhuri kuliko pote nchini kwa kasa kutaga. Ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Lakini mchanga uliliwa na bahari, miti ikaanguka mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukubaki hata mmoja. Sasa ni fungu la mchanga linaloibuka maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado wanakuja, kwa mazoea ya kizazi na kizazi, ila mayai yakiachwa pale yanafunikwa na maji. Kwa hiyo watu wa Ushongo huyahamisha na kuyafukia ufukweni kwao, na baada ya miezi kama miwili vinatoka vikasa, vinakimbilia baharini. Ukibahatika kuwapo siku hiyo, hutakiwi kufanya kitu zaidi ya kusimama kando na kuzima tochi.

Kwa Maziwe, basi, Ushongo inashinda wazi. Safari ni fupi zaidi, huanzi kwa kupambana na mlango wa mto, na watu wa hoteli wanaijua ratiba ya maji kama wanavyojua ya chakula. Kutokea mjini inawezekana, mradi umuulize nahodha, si dalali, maji yanapwa saa ngapi, na ukubali hata akisema mwondoke saa kumi na moja alfajiri. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, fungu linatoka kubwa. Siku za maji mafu utapata mchanga mdogo. Kusi ikivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, ahirisha. Matumbawe yenyewe, ya kutazama kwa miwani ya kuzamia, yanapendeza zaidi bahari ikiwa imetulia miezi ya kaskazi. Eneo tengefu lina kiingilio chake, kwa hiyo hakikisha kimo ndani ya bei mliyopatana, usije ukadaiwa mchangani.

Mto wenyewe

Mji unarudisha bao kwa safari ya mtoni. Chombo unapandia hapo hapo gatini saa kumi jioni, mnapanda taratibu na maji yanayojaa, na mnarudi jua likiwa nyuma ya minazi. Mikoko kwanza, mizizi yake imesimama kama miguu ya kaa, ndege mdiria wanachomoka na kutumbukia. Kisha mikoko inapungua na mashamba ya minazi yanaanza, wakwezi wako juu, kata za mbata zinakauka uani. Mamba wapo huko juu. Mkono usiuning'inize.

Muombe nahodha azime injini mahali fulani katikati ya minazi uonje maji kwa ncha ya ulimi. Nilishangaa kukuta chumvi mbali vile na bahari. Wakulima wa kando ya mto wamekuwa wakilalamikia jambo hilo kwa miaka: bahari inapanda juu zaidi kuliko zamani na kuharibu minazi na mashamba. Sababu iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Maji ya mto huu yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanywa bwawa la Nyumba ya Mungu, yananyweshea mashamba makubwa na madogo njiani, yanazungusha mitambo ya Hale na Maporomoko ya Pangani, na yanayofika mlangoni hayana tena nguvu ya kuisukuma bahari nyuma. Mtu wa Ushongo anaweza kufanya safari hii pia, lakini anarudi giza likiingia, na tumeshaliongea la pantoni.

Tongoni au Saadani?

Ukiwa na siku ya ziada, upande uliolala ndio unaoamua uende wapi. Wa mjini ana Magofu ya Tongoni, njiani kuelekea Tanga: msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na 15. Kwenye maeneo hayo ya Mtangata ndipo chombo kimoja cha Vasco da Gama, São Rafael, kilipopanda mwamba mwaka 1498, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India, wakakichoma moto kwa kukosa watu wa kutosha wa kukiendesha. Saa moja na nusu inatosha, na wala huhitaji siku nzima. Pita siku ya kuondoka, mizigo ikiwa garini.

Wa ng'ambo ana Saadani, iliyopata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ambako mbuga inafika mpaka mchanga wa bahari. Viboko wako Mto Wami. Na aliyesimuliwa habari za Abushiri mjini atamkuta mwenzake huku: Bwana Heri wa Saadani, aliyeendelea kupigana baada ya Abushiri kunyongwa na kukubali amani mwaka 1890 tu. Saadani kwa kwenda na kurudi siku moja kutokea mjini ni kujitesa. Kutokea Ushongo ni siku ndefu lakini ya haki, hasa wakati wa kiangazi. Masika, yaani Machi hadi Mei, uliza barabara kwanza upande wowote uliopo.

Kula, kuvaa na mengineyo

Mjini unakula mtaani: vitumbua na maharage asubuhi, samaki wa kukaanga na muhogo jioni, kwa pesa ya kawaida. Ni mji wa Kiislamu wa zamani, funika mabega na magoti, na mwezi wa Ramadhani usitembee ukitafuna. Ushongo kwenye hoteli vaa upendavyo, ila ukiingia kijijini jifunge kanga. Mbu wako pande zote mbili. Mjini wanazidi kidogo. Upepo uko Ushongo.

Ningelala wapi

Usiku mmoja: mjini, bila kujadili. Fika mchana, tembea na mwongozaji, panda mto saa kumi, na asubuhi uwe gatini. Ukivuka na usiku mmoja tu mkononi, nusu yake utaimalizia kwenye foleni.

Usiku mbili: wa kwanza mjini, wa pili Ushongo, kwa mpangilio huo. Ukianza na Ushongo, kutoka kwake ni kazi, na mji utaufikia wewe ukiwa umeshachoka, unatamani kufika nyumbani. Angalia kalenda ya mwezi kabla hujafunga tarehe, usiku wa pili uangukie karibu na bamvua.

Wenye watoto wadogo au wazee wasiopenda kupanda na kushuka vyombo: Ushongo moja kwa moja, na mji wauone siku ya kurudi wakisubiri basi. Mwenye bajeti ndogo: mjini siku zote, na Ushongo aende asubuhi kwa bodaboda, arudi kabla ya saa kumi. Mpenda historia anayekuja kwa gari kutoka Bagamoyo: apite Saadani, alale mjini, aondoke kwa Tongoni, na Ushongo aiache kwa safari nyingine.

Na pale gatini, ukimuuliza mtu saa, hakikisha mnaongelea saa ile ile. Watu wa vyombo wanahesabu kwa maji. "Asubuhi" yao inaweza kuwa saa tisa usiku, na hawakungoji.